Chura Aliyefiwa

Ndugu msomaji, usinicheke nikisema chura wa kitambaa amenifundisha uandishi. Mimi niliishia kidato cha nne, na riwaya yangu ya kwanza imekwama sura ya sita tangu baba afariki. Mzee ndiye aliyenisimulia kisa chote. Kila nikishika kalamu najaribu kuongea kama yeye, na kila mara naharibu.

Nikiwa katika hali hiyo nikaitazama The Muppet Christmas Carol ya 1992. Wenzangu wakasema, "Ah, hiyo si ya watoto?" Ya watoto, ndiyo. Lakini ni filamu ya wafiwa pia.

Jim Henson, aliyemtengeneza chura Kermit mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, alifariki ghafla Mei 16, 1990, akiwa na miaka 53. Filamu hii iliongozwa na mwanawe, Brian, ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu kabla ya hapo. Kermit akakabidhiwa Steve Whitmire. Januari 1992 mwenzao wa siku nyingi, Richard Hunt, naye akafariki.

Sasa tazama. Hadithi ni ile ya Charles Dickens ya 1843, ya bahili Scrooge na mizimu. Mzimu wa Marley wamewapa vikaragosi wawili, wazee wakosoaji Statler na Waldorf. Zamani Statler alichezwa na Hunt, Waldorf na Henson. Kumbe basi, wanaotokea na minyororo ni wale walioachwa na marehemu wawili, na bado wanatuchekesha! Hapo mimi nilicheka, kisha nikanyamaza.

Halafu Kermit. Yeye ni karani maskini, Bob Cratchit. Katika maono ya siku zijazo anarudi nyumbani akitoka kutazama mahali atakapozikwa mwanawe Tim, na inambidi awafariji walio hai. Anayeijua sauti ya Henson atasikia kwamba hii imeikaribia tu, si yenyewe. Lakini uchungu wote unapita katika pengo lile lile. Ingekuwa nakala kamili, tungesifu ufundi tukaenda zetu.

Wapo watakaosema kwamba mwisho ni mtamu mno: Tim anapona, watu wanaimba, wakati Henson hakurudi. Nami lilinisumbua. Ila filamu imetolewa kwa kumbukumbu ya Henson na Hunt, na majina yale yanaikumbusha furaha mipaka yake. Tena kumtaja marehemu peke yake hakuifanyi kazi kuwa nzuri. Hapa kifo kimeingia ndani ya wahusika wenyewe.

Juzi nimeichana sura ya sita. Naiandika upya kwa sauti yangu, na pale ambapo mzee angetia utani wake, mhusika mmoja ananyamaza.