Kadi ya Grafiki na Kigavi Umeme: Istilahi Zinazopaswa Kuchukuana

Istilahi hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wa umbo lake, na kazi ifanyayo kinywani mwa mtumiaji. Katika makala haya twazipima istilahi za vyombo viwili vya kompyuta: kile kitengenezacho picha zionekanazo kwenye skrini, na kile kiipatiacho kompyuta umeme. Vyombo hivi havinunuliwi pasipo kulinganishwa, na akoseaye jina hupoteza fedha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu aliyeko Bendera, wilayani Same, ana kompyuta kuukuu ya ofisi, naye ataka kuhariria video za masomo. Aagiza kadi kwa simu kutoka Dar es Salaam, na muuzaji amwuliza, "Pawa yako inatosha?" Ajibu kwamba inatosha, maana nyumbani mna umeme usiokatika mara kwa mara. Jibu hilo ni la haki, lakini si la swali lililokusudiwa. Katika mazungumzo ya mafundi, "pawa" hutaja vitu vitatu: umeme wa ukutani, kasha la chuma liupokealo, na kiasi cha wati. Neno moja likibeba mizigo mitatu, mmoja huanguka njiani.

Kasha hilo hupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, wenye mkondo wa upande mmoja. Tundu la PCI Express, ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 tu. Kadi ya GeForce GTX 1650 katika umbo lake la msingi hutosheka na kiasi hicho. GeForce RTX 3060 hutumia wati 170. Kwa hiyo huhitaji plagi ya ziada, aghalabu ya pini 8, ambayo hutoa hadi wati 150. Nvidia hupendekeza kasha la wati 550 kwa kadi hiyo, ilhali kompyuta nyingi za ofisi zina kasha lisilofika wati 300. Mwalimu wetu atapokea kadi nzima isiyo na kasoro, wala haitamfaa.

Baadhi ya waandishi huliita kasha hilo "ugavi umeme". Twaona kwamba jina hilo lina kasoro. Ugavi ni kitendo, nasi tumezoea kusema "ofisa ugavi". Na ugavi wa umeme ni kazi ya TANESCO. Chombo chataka kiambishi ki-, kama katika kifuniko na kizibo. Kwa hiyo "kigavi umeme" lafaa zaidi. Wapare wa milimani hawatashangazwa nalo. Wao wana ndiva, mabwawa yakusanyayo maji na kuyafungulia mifereji kwa zamu. Mkulima haulizi tu kama maji yapo. Huuliza yatoka kiasi gani na mashamba mangapi yanayangoja. Hata hivyo mfano huo una mpaka wake: ndiva huweka akiba, kigavi hakiweki. Jina lolote litakaloashiria ghala litapotosha.

Kuhusu chombo cha pili, "kadi ya michoro" hukumbusha karatasi za fundi ujenzi, na "kadi ya picha" huchanganywa na kadi ya kumbukumbu ya kamera. Twaunga mkono "kadi ya grafiki". Wapo watakaolalamika kwamba neno hilo ni la kigeni. Neno "bendera" nalo lilitoka kwa Wareno, na leo hakuna anayelitilia shaka. Ugeni wa neno si kosa iwapo neno lenyewe halimdanganyi msikilizaji.

Lasalia neno la uhusiano wa vyombo hivi viwili. Wengine husema "patanifu", neno ambalo umbo lake ni safi na lafaa katika majedwali. Lakini kupatana ni kwa waliogombana, au kwa wanunuzi na bei. Mswahili akitazama kanga na blauzi husema kwamba "zinachukuana". Hapa kitenzi hicho chafaa kwa maana zote mbili, kwa kuwa kigavi ndicho kiuchukuacho mzigo wa kadi. Twapendekeza kitumike katika maelekezo ya wanunuzi.

Hatusemi kwamba "pawa" lipigwe marufuku; lugha ya dukani haiongozwi kwa amri. Tusemalo ni kwamba lisiandikwe katika maelekezo rasmi. Muuzaji akisema, "Kadi hii ya grafiki yahitaji kigavi cha wati 550 chenye plagi ya pini 8," mwalimu wa Bendera ataweza kufungua kompyuta yake, kusoma kibandiko cha kigavi, na kujibu kabla ya kutuma fedha.