Fundi wa Masharti Anapimwaje

Fomu ya simu anayojaza mhudumu wa afya imejaa swichi: washa hiki, ficha kile. Swichi 21 tu zinazaa mipangilio 2,097,152, wakati sensa ya 2022 iliwahesabu watu wa mkoa wote wa Katavi, Tanzania, milioni 1.15 hivi. Nani ataijaribu mmoja mmoja? Ndiyo maana watafiti huyaandika masharti ya programu kwa mantiki ya kauli, yaani ndiyo na hapana zilizofungwa kwa "na", "au" na "ikiwa", kisha kompyuta ikatafuta penye kasoro. Don Batory wa Chuo Kikuu cha Texas alionyesha mwaka 2005 jinsi mchoro wa machaguo unavyogeuzwa kuwa fomula.

Ukiletewa fomula za fundi wa namna hii, kagua mishale kwanza, yaani kila "ikiwa" inavyoelekea kwenye "basi" yake. "Ikiwa mjamzito, basi mwanamke" ni sawa. Mwanagenzi akiugeuza mshale, kila mwanamke wa mji wa Mpanda, huko Katavi, ana mimba, na kompyuta haitanung'unika. Nikikuta mmoja umegeuzwa, yaliyobaki nayasoma kwa jicho la polisi.

Sasa tuseme yako masharti matatu. Taarifa ya kipindupindu lazima itumwe papo hapo. Kutuma papo hapo kunataka mtandao. Zahanati za kando ya Ziwa Tanganyika, kama ya Karema, zizimiwe mtandao, data isubiri kwenye simu. Kila sharti peke yake lina akili. Yakikutana, kipindupindu hakiripotiki Karema: chaguo limo kwenye menyu, lakini limekufa. Kazi hafifu hutangaza "kuna mgongano" ikanyamaza. Kazi safi huyataja hayo matatu bila la nne la kusindikiza. Ondoa lolote, mgongano umekwisha. Hapo ndipo natoa pesa yangu.

Kasi isikubabaishe. Masharti ya programu kwa kawaida hutatulika upesi, hata kwa fundi wa wastani.

Kigumu ni kujua kama fomula inafanana na programu yenyewe. Kiini cha Linux, kilichomo katika kila simu ya Android sokoni Mpanda, kina machaguo zaidi ya 10,000. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walilinganisha masharti yake na msimbo wa programu, na mwaka 2011 wakaripoti kasoro zaidi ya 1,700, vikiwemo vipande vya msimbo visivyoweza kuwashwa kamwe. Basi mpe fundi simu yenye ile fomu. Achague Karema, abonyeze kipindupindu, nawe ukiangalia.