Suti ya Kwanza ya Kuzamia: Tazama Inavyokushika Kabla ya Unene

Anayenunua suti ya kuzamia kwa mara ya kwanza huuliza unene kwanza: milimita 3 au 5? Ni swali la haki, ila limewahi mno. Suti nene isiyokukaa vizuri itakuacha unatetemeka kuliko nyembamba iliyokushika, na sababu yake inaonekana wazi ukifuatilia vazi hili lilivyobuniwa.

Mwaka 1951 Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, alikuwa akiwawazia wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani. Maji huupokonya mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, ndiyo maana hata bahari ya uvuguvugu humchosha mtu akikaa ndani muda mrefu. Mavazi ya enzi hizo yalipigania jambo moja, maji yasiingie: mpira mwembamba juu, nguo za sufu ndani. Tundu likitokea, sufu inalowa na kinga yote imekwisha. Bradner aliliangalia tatizo kwa upande mwingine kabisa. Mzamiaji na alowe, alisema, mradi gesi ya kuzuia joto imefungiwa ndani ya kitambaa chenyewe, mahali ambapo maji hayawezi kuifikia. Willard Bascom, mhandisi wa Taasisi ya Scripps ya sayansi ya bahari, akampendekezea neopreni iliyoumuliwa, mpira wenye viputo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kimejifunga peke yake. Tundu likitokea hapo, linaharibu viputo vichache tu; vilivyobaki vinaendelea na kazi.

Bradner hakutajirika kwa wazo hilo. Biashara iliwastawia zaidi wengine wa California, akina Jack O'Neill na ndugu pacha Bill na Bob Meistrell. Suti za mwanzo hazikuwa na kitambaa cha ndani, na mpira mtupu uling'ang'ania ngozi kiasi kwamba watu walijipaka poda ndipo waweze kuzivaa. Nailoni iliyobandikwa baadaye ndiyo iliyotuondolea adha hiyo.

Hapa pana maelezo yanayorudiwa sana kwenye mafunzo ya uzamiaji, nami nayapinga: kwamba maji yanayoingia ndani ya suti hupata joto la mwili, kisha yanakuwa blanketi. Joto la kuyapasha maji hayo limetoka kwako. Yakitulia, umelipa mara moja. Yakitoka na mengine kuingia kila unapopiga teke, unalipa upya kila mara, hadi mzamo uishe. Kinachokukinga ni gesi iliyomo kwenye mpira, na kazi ya suti kukubana ni kuyazuia maji yasitembee.

Kwa hiyo dukani usiridhike na kioo. Simama wima, mwombe mtu apapase sehemu ya chini ya mgongo wako, pale unapoingia ndani juu ya makalio. Mpira ukiwa umeachana na ngozi, hapo patakuwa na dimbwi, na dimbwi hilo litasukumwa huku na huku kila ukijikunja. Kagua vivyo hivyo kwapani na kwenye kinena. Kisha chuchumaa, inua mikono yote miwili, vuta pumzi mpaka mwisho. Suti mpya inatakiwa ikubane kidogo kuliko unavyopenda, kwa kuwa hulegea ikilowa na ikizoea mwili. Shingoni tu ndipo usivumilie: kola inayokaba huweza kuibana mishipa ya damu na kukutia kizunguzungu. Mwanamke atafute suti iliyokatwa kwa mwili wa kike, maana ya kiume iliyopunguzwa saizi itampwaya kiunoni na kumbana nyonga. Na unapoivaa, ivute kwa matumbo ya vidole. Kucha huipasua neopreni kirahisi.

Ndipo tuje kwenye unene. Katika pwani yetu, Pemba, Mafia au Watamu, maji hufika nyuzi 29 hivi wakati wa kaskazi, mwezi Februari na Machi, na hushuka hadi karibu 25 kusi linapokolea, Julai hadi Septemba. Kwa anayezama mara moja au mbili kwa siku, milimita 3 ya mikono na miguu mirefu inatosha karibu mwaka mzima. Mkufunzi anayeshinda majini ana haki ya kuvaa 5 wakati wa kusi. Anayekwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, kuogelea juu juu na papa potwe anaweza kuvaa nyembamba zaidi.

Kina nacho kina hesabu yake. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 30, mara nne. Viputo vinasinyaa, mpira unakonda, na kinga inapungua palepale ambapo maji mara nyingi ni baridi zaidi. Uelezi nao, yaani nguvu ya suti kukuinua majini, unapungua. Mwenye milimita 5 alifunga risasi nyingi kiunoni ili aweze kuzama. Akifika chini suti imeacha kumwinua ila risasi ni zilezile, inambidi ajaze hewa kwenye jaketi lake la kuelea, na akianza kupanda hewa hiyo inatanuka mikononi mwa mtu ambaye bado anajifunza kuidhibiti. Ndiyo maana kwa mwanafunzi wa pwani hii nachagua milimita 3 iliyomshika barabara, na fulana ya neopreni yenye kofia kwa miezi ya kusi. Abebe pia koti la upepo la kuvaa kwenye boti, kwa sababu suti iliyolowa ikipigwa na upepo hupoza mwili upesi, na mzamo wa pili hauanzi vizuri kwa mtu aliyeingia majini tayari ana baridi.