Jaketi ya Wabeleji: uhakiki wa umri na bei

Safari hii sikuleta kitabu. Nimeleta jaketi moja ya ngozi, nyeusi, ya kiume, iliyofika nyumbani kwangu hapa Nyakabuye ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Mwenye nayo ni mama jirani, mjane, mtu wa Bukavu kama mimi. Alijua kwamba niliuza nguo za balo soko la Kadutu miaka mingi. Akaiweka juu ya meza, akasema: "Papa, weye unajua hivi vitu. Uniangalilie bei. Ni ya zamani sana, ya Wabeleji."

Historia yake ni hii. Marehemu bwana wake alimwambia kwamba baba yake mzazi alipewa jaketi hiyo na Mubeleji mwenye shamba la kahawa, mbele ya Uhuru, yaani kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba majaketi ya miaka ile huuzwa ghali sana Ulaya. Lakini mfanyabiashara mmoja wa caguwa alimpa faranga 8,000 tu, akisema imezeeka. Mama alihitaji 30,000: mtoto anarudi shule ya bweni, na shule imeandika godoro, shuka na madaftari.

Kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na wahakiki wawili walionitangulia. Kijana alisema zamani ni mali. Mfanyabiashara alisema zamani ni takataka. Kumbe hakuna hata mmoja kati yao aliyeigeuza jaketi ndani.

Mimi nikaigeuza. Swali la kwanza si umri, ni kama kitu chenyewe ni ngozi au simili. Sokoni watu wanapenda kiberiti: ngozi ikiungua inanuka nywele, simili inayeyuka kama mfuko wa plastiki. Jibu ni la kweli, ila limeacha tundu kwenye mali ya mtu. Kuna njia isiyoumiza. Tafuta mahali ukingo haukukunjwa, mara nyingi ndani ya mfuko au chini ya kola. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana ovyo, kama nyama iliyokaushwa. Simili inaonyesha kitambaa kilichofumwa kwa mpangilio, na juu yake tabaka jembamba la rangi. Halafu angalia vitundu vya vinyweleo: vya mnyama havilingani, vya mashine vinajirudia kama muhuri. Na simili ikichoka hubanduka magamba. Ngozi ikichoka hupasuka. Ya mama ilikuwa ngozi kweli, ya ng'ombe, nene, mshono wa mabegani umenyooka na haujaachia.

Sasa umri. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanasoma umbo. Jaketi hii ina zipu inayokwenda mshazari kifuani na kola pana yenye vifungo vya chuma. Umbo hilo lilitoka New York mwaka 1928, kwenye kiwanda cha Schott, na jaketi yao ikaitwa Perfecto. Marlon Brando akavaa ya namna hiyo kwenye sinema mwaka 1953, na tangu hapo dunia nzima inaiga. Inashonwa mpaka leo. Basi umbo linakuambia tu kwamba jaketi haikushonwa kabla ya 1928, na hilo halimsaidii mtu yeyote wa Nyakabuye.

Wengine wanasoma mipasuko. Mipasuko nayo ni shahidi mwenye maneno mengi. Jaketi iliyoning'inia chini ya bati la moto, bila kupakwa mafuta, inaweza kuzeeka kwa misimu michache kuliko ile iliyokaa kabatini miaka thelathini. Viwiko vya hii vilikuwa vimekauka na kupauka. Vilinionyesha jua na kazi. Mwaka havikuutaja.

Wengine wanasoma zipu. Ni dalili nzuri zaidi, lakini zipu hubadilishwa. Ukikuta YKK, hiyo ni kampuni ya Kijapani iliyoanza 1934, na zipu zake ziko kila mahali. Ukikuta mshono wa zipu una uzi tofauti na mshono wa jaketi, ujue fundi ameshapita hapo, na zipu haina tena haki ya kusema habari za jaketi.

Kinachosema vizuri ni lebo. Nchi zinakufa, lebo zinabaki. Ikiandikwa Ujerumani ya Magharibi, basi ni kabla ya Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Ikiandikwa Chekoslovakia, ni kabla ya 1993. Sisi tuliozaliwa Zaïre tunaelewa jambo hili bila kufundishwa: karatasi zetu zina jina lililoanza 1971 na kuisha 1997, na mtu akiona jina tu anajua tulizaliwa kati ya wapi na wapi.

Lebo ya shingoni ilikuwa imekatwa. Yalibaki mashimo ya sindano. Mama akasema, "Wabeleji hawakuwekaka lebo." Sikumjibu. Nikaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani, nikauvuta nje, na kwenye mshono wa pembeni nikakuta kalebo kadogo keupe, kamekunjamana, hakajafika jua hata siku moja. Maandishi karibu yote yalikuwa yamefutika. Herufi tatu zilisomeka vizuri, na nukta yake: www.

Mtandao huo ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991, na viwanda vilihitaji miaka mingine kabla ya kuandika anwani zao kwenye nguo. Hakuna Mubeleji wa kahawa aliyevaa herufi hizo kabla ya Uhuru.

Nawakiri, nilitaka kunyamaza. Sababu ya kwanza ni huruma. Ya pili ni aibu, na hiyo lazima niiandike. "Ya Wabeleji" ni maneno yetu sisi wauzaji. Pale Kadutu, balo ikifunguliwa, kitu chochote kizito, cheusi, chenye vyuma, tulikishika juu na kuita: ya Wabeleji hiyo, ya zamani, haichakai! Bei ilipanda. Sikuwahi kuona ni uongo mkubwa. Nilikuwa naita wateja. Sasa neno langu, au la mwenzangu, limevuka Ruzizi likiwa limevaliwa, na limekuja kuketi mezani kwangu kama urithi wa familia.

Nikamwonyesha kalebo, nikamwelezea. Akakaa kimya kidogo, akauliza: "Sasa bwana yangu alinidanganya?"

Hapo ndipo uhakiki unapogeuka kuwa kesi, na mhakiki anapaswa kujua mwisho wa ushahidi wake. Kalebo kinasema jaketi hii haikushonwa kabla ya 1960. Hakisemi kwamba hapakuwa na jaketi nyingine. Karibu kila mmoja wetu amewahi kukaa mbele ya meza, akaulizwa tarehe, na akaona jinsi tarehe moja isiyolingana inavyotaka kubeba maisha yote kwenda nayo kwenye takataka. Ukisahau kama ilikuwa Jumanne au Jumatano, wanaanza kuuliza kama ulikuwapo. Tunalalamika juu ya usomaji wa namna hiyo. Basi tusimsome marehemu hivyo.

Nikamuuliza swali moja tu: "Mama, mu vita ya 1996 mulitoka na nini?"

"Mikono mitupu. Niko na mtoto mugongoni, yeye na sufuria."

Akaishika jaketi kwenye kiwiko. Alifikiri mwenyewe, sikumsaidia. "Basi hii ilikuja nyuma," akasema. "Ya baba yake ilibakia ku nyumba. Hii aliinunua." Kisha akacheka: "Na hakuniambia bei."

Sina namna ya kuthibitisha maneno hayo, na sikuyahitaji. Yanalingana na ushahidi, jambo ambalo historia ya kwanza haikuweza.

Ikabaki bei. Nchi hii ina jambo ambalo Bukavu hatukuwa nalo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za caguwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya ndani vipate kupumua. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya AGOA upande wa nguo. Watu wanasimulia habari hiyo kama siasa ya wakubwa. Sisi tuiweke kwenye mizani ya dukani. Jaketi ya mama ilikuwa na kilo mbili. Jaketi ya namna hiyo ikiingia leo inalipiwa dola 5 za ushuru kabla mtu hajapata faida hata faranga moja. Zamani ingekuwa senti 40. Blauzi nyepesi inaponea. Ngozi haiponei. Mizani haisomi lebo wala haisikilizi historia, inajua uzito tu, na kwa sababu hiyo jaketi nzima ya ngozi iliyokwisha kuingia nchini ina thamani kuliko ile ya balo la Kadutu. Mfanyabiashara wa 8,000 alilijua hilo vizuri.

Halafu kuna mvaaji. Huku kwetu hakuna mkusanyaji wa vitu vya kale. Kuna motari anayeondoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu uko kwenye vilima, anateremka mpaka Bugarama kwenye joto. Yeye haulizi mwaka. Anauliza kama upepo unapita kwenye zipu, kama bega litashika akianguka, kama mikono inafika. Kwa huyo, viwiko vilivyopauka ni kazi ya nusu saa na kitambaa chenye mafuta ya kupakia ngozi. Nikasema: 30,000, usiteremke chini ya 25,000.

Najua kwa nini tunapenda kusema kitu ni cha zamani. Kule nyuma ndiko tulikokuwa na nyumba. Tukitoa kitu kwenye kitenge na kusema ni cha babu, tunataka kusema: hatukuzaliwa kwenye foleni. Hilo ni kweli, na lina njia zake za kusemwa. Lakini tukilitia ndani ya bei, mnunuzi analigeuza: zamani ikiwa imechoka, inashuka mpaka 8,000. Umri na thamani ni vitu viwili. Anayevichanganya, awe muuzaji au mnunuzi, ana jambo analotaka kuficha.

Tuliipaka mafuta, ikakaa kivulini siku mbili. Motari alikuja Jumamosi, akaivaa, akapandisha zipu, akainua mikono kama ameshika usukani. Akamuuliza mama: "Ni ya zamani?"

Nilimwangalia mama.

"Hapana," akasema. "Ni nzima."

Akalipa 28,000. Godoro lilinunuliwa jembamba kidogo.