Fundi Anayeuliza "Lini"

Gari linalomwaga maji chini halihitaji fundi wa kusifiwa. Mpira wa rejeta umepasuka, dimbwi liko chini ya bampa, kila apitaye analiona. Unanunuliwa mpira mwingine, klipu inakazwa, safari inaendelea. Sifa zangu ni za fundi anayeletewa gari kavu: hakuna tone chini, hakuna bomba lililolowa, na bado kila asubuhi rejeta inadai maji mengine. Dereva ana maneno machache tu. "Fundi, gari inakula maji."

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyoanzishwa mwaka 2012, mwaka ule ule uliozaa Mkoa wa Simiyu. Hapa gari halipumziki. Noah na Probox hupakia watu wa Bariadi na wa Maswa hadi mlango ufungwe kwa kusukumwa, na Fuso husomba ng'ombe wa mnadani na, msimu ukifunguliwa, pamba. Kiangazi vumbi huingia kila upenyo, na maji yanayotiwa kwenye rejeta ni yale yaliyopatikana: ya kisima kirefu, ya bwawa, au yaliyofukuliwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Yana chumvi na chokaa, na kila yanapoongezwa huacha ukoko mwingine ndani ya injini. Kwa hiyo kuongeza maji bila kujua yanakokwenda si kuchelewesha ugonjwa tu. Ni kuongeza wa pili.

Zamani kupotea kwa maji hakukuwa siri. Agosti 1888, Bertha Benz alipoendesha gari alilolibuni mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, yeye na wanawe wawili walisimama mara kwa mara kutafuta maji, maana injini ile ilipozwa kwa kuyaacha yachemke na kwenda hewani. Kupungua ndiyo ilikuwa kazi yake. Gari la leo limefungwa. Maji huzunguka kutoka injini hadi rejeta na kurudi, na yakitoka kidogo kwenda kwenye kichupa cha akiba hutakiwa kurudi yenyewe. Likidai maji kila siku, lipo tundu, na fundi hana ruhusa ya kusema "ndivyo magari yalivyo".

Fundi wa pupa huuliza "wapi". Anazunguka gari, anagusa huku na kule, anakaza klipu zote, anabadilisha pampu ya maji kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Fundi ninayemsifu huanza na "lini". Mchungaji wa Itilima akipotelewa na ng'ombe hakimbilii kila upande. Kwanza huuliza alionekana mara ya mwisho saa ngapi, kwenye lambo au njiani. Ndivyo inavyokuwa gereji. Maji yanapungua gari likilala? Likiwa njiani na mzigo? Au katika ile saa moja baada ya kuzimwa? Kila jibu lina mlango wake.

Likipungukiwa usiku, injini ikiwa ya baridi, shaka huenda kwenye maungio: chuma kimesinyaa, mpira umekuwa mgumu kwa uzee, klipu imelegea, na asubuhi joto likirudi kila kitu kinajibana tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Likipungukiwa baada ya kuzimwa, fundi anakumbuka kwamba pampu imesimama huku chuma kikiwa bado cha moto, basi joto la maji hupanda kwa muda na presha nayo. Hapo ndipo mfuniko uliochoka huachia. Na tone linaloangukia chuma cha moto halifiki chini. Hukauka papo hapo na kuacha mchirizi mweupe, au wa kijani kama kulikuwa na kulanti. Fundi mzuri huutafuta mchirizi huo kwa tochi, akianzia kwenye kitundu kidogo cha pampu kilichowekwa makusudi ili sili ikichoka ijulikane.

Mfuniko huo wa rejeta unastahili aya yake, kwa sababu watu huudharau. Katika nyanda hizi, zilizo juu kuliko Ziwa Victoria na mita zake 1,134, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mfuniko wa presha ya 0.9, namba ambayo mara nyingi imeandikwa juu yake, hukisogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Springi yake ikilegea, dereva wa Simiyu ndiye atakayechemsha mapema. Tena mfuniko una vali mbili: kubwa huruhusu presha iliyozidi ipite kwenda kwenye kichupa, ndogo huyarudisha maji injini ikipoa. Ndogo ikigandishwa na chokaa, maji huenda yasirudi. Utakuta kichupa kimejaa, rejeta iko chini, na mpira wa juu umebonyea kwa kunyonywa. Injini nzima zimewahi kufunguliwa kwa kosa la kifaa kinachoenea kwenye kiganja.

Halafu kuna njia ya ndani, ile inayoogopwa: gasketi ya silinda hedi. Kwenye injini nyingi hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma cha kumimina, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho. Gari likichemsha sana hata mara moja, hedi hupinda kiasi kisichoonekana kwa jicho, na hicho kinatosha. Usiku maji huchungulia ndani ya silinda moja. Asubuhi injini inawaka ikitetemeka, inatoa moshi mweupe, kisha inatulia. Plagi moja hutoka safi kuliko nyingine, kwa kuwa mvuke umeiosha. Mpira wa rejeta huwa mgumu mapema, hata kabla maji hayajapata moto, kwani gesi ya mlipuko imepenya. Mwenye dawa ya kupimia huivuta hewa ya juu ya rejeta ipite kwenye kimiminika cha bluu. Kikigeuka njano, kuna gesi ya moshi ndani ya maji. Naye fundi hachomoi stiki ya oili peke yake. Kwenye gari la otomatiki anapima na ya giaboksi, kwa sababu mafuta yake mara nyingi hupozwa ndani ya rejeta ile ile.

Nina chuki ya wazi na njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kutoa thamostati ili "gari lipoe", jambo linalozima dalili na kuacha ugonjwa. Ya pili ni unga wa kuziba matundu, ambao hauchagui: huziba tobo, huziba na vijia vyembamba vya rejeta.

Kilichonifanya niandike ni Noah moja, ya aina ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Ilikuwa imeshabadilishiwa pampu na mfuniko, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuambiwa hedi ifunguliwe. Fundi aliuliza lini. Njiani tu, dereva akasema, ikilala haipungui. Fundi hakugusa injini. Aliingia uvunguni akapapasa bodi kuelekea nyuma, akatoka na tope bichi kwenye vidole, mwezi wa nane, mvua haijanyesha kwa wiki nyingi. Magari hayo yalitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Japani, na abiria wa nyuma wana hita yao. Mabomba yake hupita chini ya sakafu. Hapa hakuna aliyewahi kuiwasha, lakini maji huyapitia. Kutu ilikuwa imetoboa tundu dogo lililofunguka kwa presha, na upepo na vumbi vikanywa kila tone.

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na ningependa mtihani wao uwe na gari kavu kama lile. Shida kubwa iko kwa sisi wateja. Tunalipia kifaa na kufunga, kufikiri hatulipii. Fundi aliyetuokolea fedha za hedi anaonekana hakufanya kitu, maana alikata mabomba mawili na kuyaunganisha kwa kipande cha mpira.

Huyu wa Noah alikuwa na masharti yake. Alijaza maji, akaacha injini ikinguruma mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu ya hewa yakaisha, akachora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kichupa. Alipokea nusu ya malipo, akataja bei ya kutafuta peke yake na ya kazi ya mikono peke yake. Nusu nyingine, alimwambia dereva, uilete baada ya safari tatu za Bariadi, na uje asubuhi kabla hujawasha, tuangalie mstari pamoja.