Pumzi ya Injini

Injini ya ndege hula hewa nyingi kuliko mafuta, tena kwa mbali. Kila kilo moja ya petroli inayoungua ndani ya silinda hudai hewa kilo 12 hadi 15. Mafuta tunayanunua, tunayapima, tunayachuja. Hewa tunaiacha ijipitie. Ndiyo maana nawahusudu wajenzi wa ndege za nyumbani, watu wanaoweza kukaa gereji msimu mzima wakipiga msasa bomba lisilozidi urefu wa mkono, ili hewa iingie bila kusumbuliwa.

Ufundi huu umeshamiri Marekani, hasa tangu Paul Poberezny alipoanzisha chama cha wajenzi wa ndege, EAA, huko Wisconsin mwaka 1953. Sheria ya huko inasema kwamba mtu akijenga mwenyewe sehemu kubwa ya ndege yake kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, ndege hiyo husajiliwa kuwa ya majaribio. Hapo anapata ruhusa ambayo mwenye ndege ya kiwandani haipati kirahisi: kukata, kuunda upya na kujaribu.

Chukua ndege ya aina ya RV, iliyobuniwa na Richard VanGrunsven, yenye injini ya Lycoming O-360. Nguvu zake za farasi 180 ni za usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni inchi 29.92 za zebaki. Ipande hadi mita 2,400, zinabaki kama inchi 22. Robo ya pumzi imekwisha. Lakini ndege hiyo inakwenda karibu kilomita 320 kwa saa, na mwendo huo unaisukuma hewa puani mwake kwa kiasi cha inchi moja ya zebaki. Fundi akiweza kuifikisha yote kwenye silinda, ni kama injini imeteremka zaidi ya mita 300 huku ndege ikibaki juu. Zawadi hii huja na mwendo tu. Anayeanza kukimbia kwenye njia ya uwanja wa Wilson, Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, bado hajaipata.

Kuipokea zawadi hiyo si kutoboa tundu kubwa. Midomo ya tundu huviringwa ili hewa isichanike inapoingia. Nyuma yake njia hupanuka taratibu sana, hewa ipunguze mwendo na mwendo huo ugeuke kanieneo. Ikipanuka kwa pupa, hewa hubanduka kutoka ukutani na kuzunguka bure. Fundi huchonga umbo hilo kwa povu, akalivika faibaglasi na resini, kisha akapitisha kidole ndani akitafuta tuta lisiloonekana kwa macho. Viungo vyote huzibwa kabisa, maana ufa mdogo unavujisha kile kilichotafutwa kwa jasho.

Hata viwanda vikubwa vimeihangaikia njia ya hewa: huko Rolls-Royce, mwanahisabati Stanley Hooker, aliyeajiriwa mwaka 1938, aliiongezea nguvu injini ya ndege iitwayo Merlin kwa kurekebisha njia ya hewa kwenye chombo cha kuisindilia. Wa gereji hawana maabara ya Hooker, ila wanauliza maswali yaleyale.

Tena huuliza moja gumu zaidi: hewa ikishaingia, inagawanyika vipi? Ikifika kwenye kabureta imepinda upande mmoja, silinda moja hupata mafuta tele na nyingine hukaukiwa, ikapata joto la kuiumiza. Kwa hiyo mjenzi makini huweka kipimajoto kwenye ekzosi ya kila moja ya silinda nne, na huyaamini macho manne hayo kuliko sauti ya injini. Nami naona hapa ndipo subira yake inapoheshimika zaidi, kwa sababu huwa tayari kurudisha nguvu alizokwisha kuzipata ili silinda zote nne zile sawa.

Kisha hurudi angani, kwa kimo kilekile, vali ya hewa ikiwa wazi kabisa, akilinganisha geji ya kanieneo inayofika kwenye injini na kanieneo ya nje. Faida ikiwa nusu inchi, nguvu imepanda kama asilimia mbili. Abiria hataihisi, mjenzi ataiandika daftarini.

Kwenye injini zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, ubavuni mwa njia ya hewa huwekwa pia kimlango kinachoshikiliwa na springi au sumaku. Filta ikizibwa na barafu, mvuto wa injini hukifungua, ikavuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti. Hewa hiyo ni nyepesi na nguvu hushuka, lakini zinazobaki zinatosha kuifikisha ndege kwenye uwanja wa karibu.