Stili ndiyo ichague amplifaya

Fender Deluxe Reverb, amplifaya ya vali yenye wati 22 na spika moja ya inchi 12, imependwa na wapiga gitaa tangu miaka ya 1960 kwa sababu ileile inayowafukuza wapiga pedali stili, chombo cha nyuzi kinacholazwa na kubadilishwa nota kwa pedali. Ukiipandisha kidogo tu, sauti inaanza kukwaruza. Kwenye gitaa la umeme mkwaruzo huo ni utamu wenyewe, lakini kwenye stili ni hitilafu. Kwa hiyo anayetaka amplifaya moja ihudumie vyombo vyote viwili, iwe studioni au jukwaani, aanze na mguu wa mpiga stili kabla hajafikiria vidole vya mpiga gitaa.

Mguu huo unakaa juu ya pedali ya sauti, na kazi yake kubwa ni kuzuia nyuzi zisife mapema. Mpigaji hudonoa nyuzi pedali ikiwa imekanyagwa nusu. Nyuzi zikianza kufifia anaisukuma polepole, na sikio linasikia mlio uliolala sawasawa kama wa fidla. Maana yake ni kwamba amplifaya lazima iwe imefunguliwa vya kutosha ili nusu ya pedali peke yake ilingane na bendi nzima. Sasa chukua pale nota mpya inapodonolewa, kwa kucha za chuma, kabla mguu haujairudisha pedali nusu. Kishindo chake kinaweza kuzidi kile cha kwanza kwa desibeli 10, na desibeli 10 hudai nguvu mara kumi. Kama kishindo cha kwanza kilitumia wati 10, hiki kinaomba 100. Ndiyo maana mtu wa stili hununua wati nyingi ambazo muda mwingi hazitumii. Anachonunua ni akiba. Na asidanganywe dukani: kutoka wati 50 hadi 100 ni desibeli 3 tu, na spika yenye ufanisi mkubwa zaidi inaweza kukupa hizo desibeli 3 bila kugusa amplifaya.

Kwa nini mkwaruzo uharibu stili kuliko gitaa? Chukua mtuno wa E9, ambao ndio wa kawaida kwenye muziki wa country wa Nashville, na uguse uzi wa nne, wa tano na wa sita: E, B na G#. Kanyaga pedali mbili za kwanza za stili yenyewe, zile za kubadilisha nota. B inapanda hadi C#, G# inapanda hadi A, E inabaki palepale, na kodi ya E, yaani nota hizo tatu zikilia pamoja, imegeuka kuwa ya A bila mkono kusogea. Amplifaya ikiwa safi, huo ndio uzuri wote wa chombo hiki. Ikikwaruza, hutengeneza nota ambazo hakuna aliyezipiga, ikiwemo ile inayotokana na tofauti ya masafa kati ya nyuzi mbili. Kati ya B na G# tofauti hiyo ni karibu hezi 40. Kati ya C# na A ni karibu 55. Pedali hizo zinaposafiri, mngurumo huo nao unatambaa kutoka 40 hadi 55, na njiani haulingani na nota yoyote ya wimbo. Mpiga gitaa wa roki hukwepa balaa hili kwa kupiga kodi za nota mbili zinazoelewana vizuri. Mpiga stili hana pa kukimbilia.

Wamarekani walilitatua tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Fender Twin Reverb, wati 85 kutoka vali nne za 6L6, ambayo wengi waliifungia spika ya JBL ya inchi 15 badala ya zile mbili za inchi 12. Fender wenyewe wakaifuata njia hiyo mwaka 1972 walipotoa Vibrosonic Reverb yenye spika moja ya 15. Njia ya pili ilitoka Meridian, Mississippi, kwa kampuni ya Peavey: Session 400, kisha Nashville 400, za transista, zenye wati 200 hivi, hiyo ya pili ikiwa na nobu ya kuchagua ni masafa gani ya kati yapunguzwe. Wapiga stili wengi huchimba karibu na hezi 800, panapofanya chombo kisikike kama kinaongelea puani.

Chomeka gitaa la Telecaster kwenye Nashville 400 uone. Kila kosa linasikika. Spika ya 15 inazizima zile cheche za juu zinazolipa gitaa hilo uhai, na transista hazikubembelezi unapodonoa kwa nguvu. Ni amplifaya kavu. Nisingemshauri mpiga gitaa aibebe, labda awe wa jazi.

Swali la spika, basi, ndilo linaloamua, na jibu lake liko kwenye mtuno. Uzi mnene kabisa wa E9 ni B ya hezi 123, juu zaidi ya E nene ya gitaa yenye hezi 82. Kwa hiyo anayepiga E9 peke yake hana haja ya inchi 15. Inchi 12 inamtosha, nayo ndiyo nyumba ya gitaa. Mambo hubadilika kwa stili ya shingo mbili, ambayo shingo yake ya C6 inashuka hadi C ya hezi 65. Huyo ana haki ya kudai spika kubwa.

Chaguo langu kwa wawili wa E9 na gitaa ni Twin yenye spika zake za 12, kama mgongo unaruhusu, maana inakaribia kilo 30. Ina chaneli mbili: stili ipewe moja, swichi ya kung'arisha ikiwa imezimwa, gitaa lipewe nyingine. Asiyetaka vali aangalie Peavey Nashville 112, wati 80 na spika moja ya 12. Mpiga gitaa anayetaka mkwaruzo ataupata kwa pedali ya ovadraivu iliyokaa sakafuni. Anayepiga sebene hata hiyo haihitaji, kwa kuwa sauti safi ndiyo aliyoizoea.

Dukani ijaribu kwa stili kwanza. Weka pedali ya sauti nusu, pandisha amplifaya mpaka ifikie kelele ya ngoma, kisha donoa nyuzi zilezile tatu kwa nguvu huku pedali ikiwa chini kabisa na ubadilishe kodi. Ikinguruma njiani, hiyo ni ya gitaa tu.